Ingwe: jinsi timu za maeneo mengi zilivyofanywa klabu moja

Makao ya AFC Leopards yako Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kakamega, na yamekuwa huko tangu klabu ianzishwe. Kakamega haina makao yake makuu wala uwanja wake, na mechi zake nyingi za nyumbani mashabiki wa hapa huzifuata redioni au kwenye simu. Lakini wiki ya debi na Gor Mahia ikifika, jezi za buluu na nyeupe huonekana stendi ya matatu mjini Kakamega, na watu wa Khayega, Butere na Malava huongea habari za Ingwe, jina la utani la klabu hii, kama wanaongea habari za jamaa yao. Klabu nyingi kubwa duniani zimeshikamana na mtaa au uwanja fulani. Hii iliundwa kwa namna nyingine, na namna hiyo inafaa kuchambuliwa, maana iliipa mataji 12 ya ligi ya Kenya na matano ya klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati, kisha ikaonyesha nyufa zake.

Mwanzo wake uko kwenye tatizo la hesabu. Kandanda ya magharibi mwa Kenya ilikuzwa na shule: Maseno, Kaimosi, na shule ya serikali iliyofunguliwa Kakamega miaka ya 1930, wakati ule ule dhahabu ilipokuwa ikiwavuta watu kuja hapa. Vijana waliofunzwa mpira huko waliposhuka Nairobi kutafuta kazi za reli, posta, polisi na nyumba za wazungu, walijiunga na vyama vya kusaidiana vya watu wa kwao. Vyama hivyo vilisafirisha maiti, vilichangia karo, na vilikuwa na timu za mpira. Wa Samia walikuwa na yao, wa Bunyore yao, wa Marama, wa Kisa na wa Tiriki vivyo hivyo. Kwa hiyo jamii iliyotoa wachezaji wengi kuliko karibu zote nchini ilikuwa imewagawa katika timu ndogo ndogo ambazo Jumapili zilikutana zenyewe kwa zenyewe. Kila timu ilikuwa na nyota wawili au watatu, na hakuna iliyokuwa na kumi na mmoja.

Mwaka wa 1963 Kenya ilianzisha ligi ya taifa, na bingwa wa kwanza akawa Nakuru All-Stars. Msimu uliofuata ubingwa ulikwenda kwa Luo Union, klabu iliyokuwa imekwisha kuwakusanya Wajaluo chini ya bendera moja. Ligi ya taifa ilimaanisha safari za Mombasa, Nakuru na Kisumu, nauli, malazi, na kikosi kipana cha kuhimili majeraha. Timu ya chama cha kuchangia mazishi isingeweza. Tarehe 12 Machi 1964 timu kadhaa za Waluhya zikaungana na kuwa Abaluhya United.

Ugumu wa jambo hilo ni rahisi kuupuuza leo. Kwa hesabu inayotumiwa sana, Waluhya wa Kenya ni makundi 18, na Mbukusu na Mtiriki hawaongei lugha inayofanana sana. Jina lenyewe la Abaluhya lilishika kasi miaka ya 1930 na 1940 tu, likisukumwa na vyama vya siasa na ustawi. Kabla ya hapo wakoloni waliwaita Wabantu wa Kavirondo, na wenyewe walijitaja kwa majina ya makundi yao. Waasisi wa klabu hawakuwa na umoja wa kale wa kuegemea. Walikuwa wakiujenga umoja huo huku wakiutumia, na ninaamini uwanja wa mpira ulifanya kazi hiyo kwa wepesi kuliko mkutano wowote wa siasa, kwa sababu kila wiki mtu wa Busia alimshangilia mtu wa Vihiga bila kuombwa.

Uamuzi uliobeba mambo yote ulikuwa wa jina. Tazama walivyofanya wengine. Benfica ya Lisbon, moja ya klabu zenye mafanikio makubwa zaidi Ureno, nayo ni matunda ya muungano: Sport Lisboa iliyoanzishwa mwaka 1904 iliungana na Grupo Sport Benfica mwaka 1908, na hadi leo jina rasmi, Sport Lisboa e Benfica, linabeba pande zote mbili. Kwa pande mbili hilo linawezekana. Kwa timu nyingi lisingewezekana, na kuchagua jina la kundi moja kungewafukuza wengine wote. Waasisi wa Abaluhya walichukua jina lililokuwa juu ya kila mmoja wao na wakaacha majina yote ya chini yafe. Hakuna timu mwanachama iliyobaki na sauti kwenye jezi. Ulikuwa uamuzi mzito, na naona ulikuwa sahihi.

Matunda yalikuja haraka. Abaluhya ilitwaa ligi mwaka 1966 na 1967, ikaongeza kombe la taifa mwaka 1967 na 1968, kisha ligi tena mwaka 1970 na 1973. Kikosi sasa kilikuwa na kina. Beki Jonathan Niva alikuwa nguzo ya klabu na ya timu ya taifa iliyokwenda Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Cameroon mwaka 1972, mara ya kwanza kwa Kenya kufika huko.

Na palikuwa na Joe Kadenge.

Kadenge, aliyewahi kuichezea Maragoli United, alikuwa mshambuliaji mwenye chenga zilizowafanya watu walipe kiingilio ili kumwona yeye tu. Lakini kwa mchambuzi anayetaka kujua jinsi klabu ya Nairobi ilivyomiliki mioyo ya Kakamega, jina la kutazama sambamba na la Kadenge ni la mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Maneno yake "Kadenge na mpira" yaligeuka msemo wa nchi nzima. Mtoto aliyekuwa akikokota mpira wa makaratasi kwenye uwanja wa shule alijitangaza mwenyewe kwa maneno hayo. Redio ya Kiswahili ndiyo iliyofupisha zile kilomita 300. Uwanja wa Jogoo Road mjini Nairobi uliingia kila boma lenye betri, na mzee wa Shinyalu ambaye hakuwahi kupanda treni alikijua kikosi kwa namba za mgongoni. Klabu haikuhitaji kuhamia kwa mashabiki wake kwa sababu sauti ilikuwa imehamia. Kadenge alipofariki Julai 2019, Nairobi iliupa City Stadium jina lake, na ni uwanja huo huo ambao mashabiki wa magharibi waliujua kwa masikio kabla ya kuuona kwa macho.

Kiungo kingine cha utambulisho kilitoka nje. Mwaka 1968 Luo Union na Luo Stars ziliunganishwa kuwa Gor Mahia, na Abaluhya ikapata mpinzani wa kimo chake. Waluhya na Wajaluo ni majirani wanaooana. Ndiyo maana mechi yao inaitwa debi ya Mashemeji. Ni utani wa ndugu wa ndoa, wenye kelele nyingi, na kwa bahati mbaya mara nyingine wenye mawe pia. Kimchezo uliisukuma kila klabu kusajili kwa hofu ya mwenzake. Kuanzia msimu wa 1979 hadi 1993 hakuna klabu nyingine iliyotwaa ligi ya Kenya: kati ya mataji hayo 15, Gor ilichukua manane na Leopards saba. Katika mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, mataji yote saba kuanzia 1979 hadi 1985 yalikwenda kwa hizo mbili, na fainali ya mwaka 1984 mjini Kampala ilikuwa debi yenyewe, Leopards ikishinda 2-1.

Katikati ya enzi hiyo klabu ilipoteza jina lake, na jinsi ilivyolipoteza ni somo la ufundi. Serikali ya Rais Daniel arap Moi iliagiza vyama na timu ziache majina ya kikabila. Luo Union, iliyokuwa imefufuliwa baada ya muungano wa 1968, ikawa Re-Union. Abaluhya, iliyotwaa taji la kanda mjini Mogadishu mwaka 1979 ikiwa bado na jina la kale, iliingia mwaka 1980 ikiwa AFC Leopards. Herufi ya mwanzo, A, ilibaki, ikipewa maelezo mapya kwa ajili ya msajili wa vyama. Chui alichukua nafasi ya kabila, na kwa kuwa chui ni ingwe kwa wenyeji wa magharibi, shabiki wa Lurambi hakupoteza chochote. Mabadiliko yaliyokusudiwa kuikata klabu na mizizi yake yaliiachia alama yenye nguvu kuliko jina la kwanza: mnyama anayechoreka kwenye bendera na kuitwa kwa silabi mbili uwanjani.

Yalifanya na jambo la pili ambalo halisemwi vya kutosha. Yalifungua mlango. Golini alisimama Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa aliyeitwa "Kenya One" na ambaye baadaye alikwenda kucheza Oman. Kocha Robert Kiberu alitoka Uganda. Mbele alikuwapo Joe Masiga, daktari wa meno aliyecheza pia raga na Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na katikati Wilberforce Mulamba, mmoja wa viungo bora waliowahi kuivaa jezi ya timu ya taifa, Harambee Stars. Nahodha Josephat Murila aliongoza kundi ambalo uti wake wa mgongo ulikuwa wa magharibi na ambalo lilichukua mtu popote alipopatikana aliye bora. Ligi ilikuja mara tatu mfululizo, 1980, 1981 na 1982. Taji la kanda nalo likaja mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Miaka hiyo hiyo Kenya ilitwaa Kombe la Challenge la mataifa ya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1981, 1982 na 1983, na wachezaji wa Leopards walikuwa nguzo za timu hiyo.

Benfica ilipita njia inayokaribiana na hiyo karibu wakati ule ule. Kwa miongo mingi haikumsajili mchezaji yeyote asiye wa Ureno au wa makoloni yake; Eusébio na Mário Coluna, wana wa Msumbiji, waliibeba hadi ubingwa wa Ulaya wa 1962 kwa sababu sheria ya wakati ule iliwahesabu Wareno. Mwaka 1978 wanachama walikutana, wakapiga kura, wakaifuta kanuni hiyo. Tofauti iko kwenye mkono ulioufungua mlango. Kule uamuzi ulitoka kwa wanachama. Hapa ulitoka kwa amri, na klabu ilibahatika kwamba viongozi wa wakati ule waliigeuza amri kuwa faida. Taasisi ya kuamua mambo makubwa kwa kura haikujengwa, na pengo hilo lilikuja kudai deni lake.

Kabla ya deni, tazama kiwanda cha wachezaji, ambacho kilikuwa hapa hapa. Kakamega School, ambayo wengi huiita Kakamega High, na timu yake ya Green Commandos ilikuwa jina la kutisha katika michezo ya shule za sekondari, na Musingu iliyo jirani, Scorpions wao, iliifukuzia kwa karibu. Chini ya mwalimu Chris Makokha, Green Commandos walifunzwa kwa nidhamu ambayo klabu nyingi za ligi hazikuwa nayo, na Makokha mwenyewe baadaye aliifundisha Leopards. Kijana wa shule hizo alimaliza kidato cha nne akiwa amecheza mechi ngumu mbele ya umati, na akiwa amelelewa na jina la Ingwe. Klabu haikulipa senti kwa malezi hayo. Haikuwa na akademia kwa sababu serikali, makanisa na wazazi walikuwa wakiiendeshea moja bila mkataba.

Mfumo wa namna hiyo ni mzuri mpaka siku wakala wa mchezaji anapofika shuleni kabla yako.

Kuna pia urithi wa damu. Noah Wanyama aliichezea Leopards miaka ya 1980. Mwanawe McDonald Mariga alikuwa kwenye kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2010, na mwingine, Victor Wanyama, akacheza Celtic, Southampton na Tottenham. Familia moja inaonyesha umbali ambao kipaji cha magharibi kinaweza kufika, na inaonyesha pia kwamba kilipofika mbali, Leopards haikuwa na njia ya kunufaika nacho kama klabu za Ureno zinavyoishi kwa kulea, kuuza na kulea tena.

Sauti ya jukwaani nayo ilijengwa kutoka huku. Ngoma za isukuti ni za Waisukha na Waidakho wa kaunti ya Kakamega; mwaka 2014 UNESCO iliuingiza uchezaji wake katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Harusi na matanga ya mjini yamezipunguza, lakini viwanja vya Nyayo na Kasarani jijini Nairobi vimezipa kazi. Mashabiki wa Ingwe huingia na seti ya ngoma, filimbi na wimbo wa Mwana wa Mberi, na mtu aliyezaliwa Kangemi asiyejua njia ya kwenda Ikolomani hujifunza mdundo wa kwao akiwa jukwaani. Klabu imehifadhi utamaduni huo bila kupewa bajeti ya kuuhifadhi, na inastahili shukrani kwa hilo.

Kisha deni likafika. Ligi ya 1992, taji la kanda la 1997 na ligi ya 1998 zilikuwa cheche za mwisho kabla ya ukame wa ligi uliozidi robo karne. Muongo uliofuata Leopards ilishuka daraja, jambo ambalo kizazi cha Masiga na Mulamba kisingelisadiki, na ikarudi Ligi Kuu msimu wa 2009. Mikono iliyoiinua ilikuwa ya wafadhili. Mumias Sugar, kiwanda kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973 na kikawa uti wa uchumi wa eneo hili, kilikuwa miongoni mwao, mpaka kiwanda chenyewe kikaanguka na kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. SportPesa iliingia kwa kishindo, ikajitoa mwaka huo huo wa 2019 baada ya mgogoro wa leseni. Kila mfadhili alipoondoka, mishahara ilikwama, wachezaji na makocha wa kigeni wakapeleka madai FIFA, na klabu ikafungiwa kusajili.

Kombe la taifa la 2013, lililopatikana kwa kuifunga Gor kwenye fainali, na lile la 2017 chini ya kocha Robert Matano, zinathibitisha kwamba ufundi haujatoweka. Kombe huchezwa kwa mechi chache. Ligi huchezwa kwa miezi, na miezi inataka mshahara. Hapo ndipo muundo wa 1964 unapobana. Waasisi walitatua kwa ustadi tatizo la kuwakusanya wachezaji na mashabiki. Hawakutatua tatizo la kuwageuza mashabiki kuwa wenye mali. Leopards ni klabu ya wanachama kisheria, na viongozi wake huchaguliwa, lakini idadi ya wanaolipa ada na kupiga kura ni ndogo mno ukiilinganisha na umati unaoimba. Oktoba 2021 Benfica ilipomchagua kiungo wake wa zamani Rui Costa kuwa rais, walipiga kura zaidi ya watu 40,000. Miaka miwili kabla, Leopards nayo ilimchagua mchezaji wake wa zamani, daktari Dan Shikanda, kuwa mwenyekiti. Sura ya uongozi ilifanana. Kilichokuwa nyuma ya kura hakikufanana: ada za wanachama wa Lisbon ni mapato ya kudumu, za Nairobi hazitoshi kulipa kikosi.

Wakati huo huo Kakamega imepata klabu yake. Kakamega Homeboyz, iliyojengwa na mfanyabiashara Cleophas Shimanyula, maarufu kama Toto, ilirudi Ligi Kuu. Msimu wa 2021/22 ilimaliza ikiwa na pointi 63 sawa na Tusker na kukosa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu. Mwaka 2023 iliifunga Tusker hiyo hiyo na kutwaa kombe la taifa, jambo lililoipa tiketi ya mashindano ya Afrika. Ina kile ambacho Ingwe haijawahi kuwa nacho, uwanja wa nyumbani ulio nyumbani kweli: Bukhungu, ambao kaunti iliufanyia ukarabati, na ambao Desemba 2017 ulipokea mechi za Kombe la Challenge, Harambee Stars ikianza hapo kwa kuifunga Rwanda 2-0.

Homeboyz inachota kwenye kisima kile kile cha shule za Kakamega, tena iko karibu nacho. Udhaifu wake ni kinyume cha ule wa Leopards: mfuko na uamuzi vinamtegemea mtu mmoja, na jamii iliyo nyuma yake ni finyu. Siku Leopards inapokuja Bukhungu kama mgeni, sehemu kubwa ya jukwaa humshangilia mgeni. Kwa wachezaji wa Homeboyz lazima hilo liume.

Kuna pendekezo moja ninalolishikilia, na linatoka moja kwa moja kwenye historia hii. Leopards imewahi kutumia Bukhungu kwa mechi chache za nyumbani, bila mpangilio wa kudumu. Ipange mechi tano za kila msimu hapa, zijulikane kabla ya ligi kuanza, na kwenye kila lango iwekwe meza ya kuandikisha wanachama kwa simu, ada ikilipwa kwa M-Pesa, kadi ikipatikana hapo hapo na kumpa mwenye nayo kura halisi inayopigwa Kakamega bila nauli ya kwenda Nairobi. Redio ilileta klabu hadi hapa bila kumwomba shabiki kitu. Sasa aombwe, apewe risiti, na apewe sauti katika kumwajiri kocha, kumuuza mchezaji na kumwondoa kiongozi.